Wikendi Orlando: wanyama Jumamosi, vionjo Jumapili

Wanaofika Orlando kwa wikendi moja tu, wakitaka kuona wanyama na kula kwenye tamasha la vyakula, mara nyingi hubana vyote ndani ya siku moja, na hapo ndipo mambo huharibika. Wanyama ni wa asubuhi. Vibanda vya vyakula ni vya mchana na jioni. Katikati kuna jua la Florida, ambalo likikukuta umesimama kwenye foleni na tumbo tupu, siku imekwisha. Tenga siku mbili: Jumamosi Disney's Animal Kingdom, bustani ya Disney yenye wanyama, Jumapili EPCOT, bustani nyingine ya Disney yenye matamasha ya vyakula. Usigeuze mpangilio huo, kwa sababu Jumamosi jioni EPCOT hujaa wakazi wa mji waliokuja kula tu, na foleni za vibanda huongezeka sana.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Ukisoma saa 5 asubuhi, kwenye programu ya simu ya Disney itaandikwa 11.

Nunua tiketi ya siku mbili, bustani moja kwa siku. Tiketi ya kuhama bustani katikati ya siku haina kazi kwenye mpango huu. Kuingia tamashani kumo ndani ya tiketi ya EPCOT. Unacholipa zaidi ni chakula. EPCOT ina matamasha manne kwa mwaka: la sanaa mwanzoni mwa mwaka, la maua kuanzia Machi, la vyakula na mvinyo, mwishoni mwa kiangazi cha huko (Juni hadi Agosti) hadi Novemba, kisha la sikukuu za mwisho wa mwaka. Yote yana vibanda vya chakula. Kama joto linakusumbua, chagua la Januari na Februari.

Jumamosi, fika langoni Animal Kingdom dakika 45 kabla ya kufunguliwa na uende moja kwa moja Kilimanjaro Safaris, upande wa Afrika. Usisimame njiani kupiga picha, utarudi. Ni lori lililo wazi pembeni, linalozunguka kama dakika 20 katikati ya viboko, vifaru, twiga, tembo na simba. Asubuhi wanyama wanatembea na wanakula. Ikifika saa 6 mchana wengi wamejificha kivulini na foleni ni ndefu. Ukiwahi hivyo huna haja ya kulipia njia ya haraka. Omba kukaa ukingoni mwa benchi, na usitegemee dereva asimame kwa ajili ya picha: weka simu kwenye hali ya kupiga picha mfululizo na uache kukuza picha kwa vidole, maana lori linatikisika na picha iliyokuzwa hutoka ukungu. Mvua ya kawaida haizuii safari, ila radi huisimamisha. Wakati wa kiangazi radi huja alasiri, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi.

Ukishuka, ingia njia ya Gorilla Falls iliyo pale pale. Kuna sokwe wa makundi mawili: familia yenye dume mkubwa upande mmoja, na madume vijana upande wa pili. Watu wengi hupita haraka. Simama kwenye kioo dakika kumi bila kugonga wala kupiga kelele. Mara nyingi atakayekuja kukaa karibu ni yule aliyekuwa amekupa mgongo. Baada ya hapo, njia ya Maharajah upande wa Asia ina chui milia. Nenda kabla ya saa 5.

Kijiji cha Harambe kinastahili muda wa peke yake kwa msomaji wa Kiswahili. Kimejengwa kwa sura ya Lamu, na mabango yake ni ya kwetu: Tamu Tamu ni kibanda cha vitu baridi, Dawa ni baa, Mahindi ni kibanda cha bisi. Soma kuta polepole, hata matangazo yaliyochakaa.

Mchana usile sana bustanini. Disney inaruhusu kuingia na chakula chako, mradi hakuna chupa za kioo wala vipande vya barafu visivyofungwa. Tumia vifurushi vya kupozea chakula vilivyogandishwa. Maji ya barafu kwenye kikombe hutolewa bure kwenye migahawa ya kaunta, omba tu. Weka nafasi ya tumbo kwa Sanaa, mgahawa ulio Kidani Village, sehemu ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Si lazima uwe mgeni wa hoteli. Agiza mikate ya Kihindi na chatini zake, chakula cha kushirikiana watu wawili au watatu, huku twiga na pundamilia wakipita nje ya dirisha. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Chukua meza ya dakika 90 kabla ya jua kuzama, kwa sababu giza likiingia unabaki kutazama kioo.

Jumapili lala. Eneo la mataifa la EPCOT kwa kawaida hufunguliwa saa 5 asubuhi. Mabanda ya nchi 11 yamepangwa kuzunguka ziwa, mzunguko wa kama kilomita 2. Wengi huingia lango kuu na kuanzia Mexico au Kanada. Wewe ingia lango la International Gateway, lililo kati ya Uingereza na Ufaransa, geuka upande wa Ufaransa, kisha Morocco, Japani, Marekani. Kundi kubwa utakutana nalo ukiwa umeshakula vya kutosha.

Kionjo kimoja ni matonge matatu au manne, na bei yake mara nyingi ni kati ya dola 5 na 10. Mtu mzima hutosheka na vionjo 6 hadi 8 kwa siku nzima. Wawili wanaoshirikiana, 10 hadi 12. Kwa wastani wa dola 7.50, vionjo 8 ni dola 60, na kodi ya mauzo ya asilimia 6.5 inaongeza dola 3.90. Pesa huponyoka hapa kwa sababu kila ununuzi ni mdogo. Weka bajeti yako yote kwenye kadi ya zawadi ya Disney na ulipe kwa hiyo tu, ikiisha, umemaliza.

Anza na samaki, saladi na supu. Vya kukaanga na vya jibini vifuate jua likipungua, maana jibini iliyopoa mkononi huganda na utaitupa. Mmoja apange foleni, mwingine ashike meza yenye kivuli. Asiyekula nguruwe au asiyetaka pombe aulize kila kibanda: mvinyo huingia kwenye michuzi bila kuonekana, na jiko la kibanda ni dogo, vyombo hukaribiana. Wenye mzio waombe orodha ya viambato kabla ya kulipa. Pombe ni kuanzia miaka 21, na mgeni abebe pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu.

Kionjo cha mwisho kinunue kabla ya saa 1 jioni. Baada ya hapo watu hujipanga ukingoni mwa ziwa kusubiri fataki na huwezi kupita na sahani.

Kama una siku moja tu, kati ya Machi na Mei, nenda Busch Gardens, bustani ya wanyama na burudani iliyo mji wa Tampa, zaidi ya saa moja kwa gari. Tamasha lake la vyakula lina siku maalumu, kwa hiyo soma kalenda kwanza. Huuza kadi ya idadi maalumu ya vionjo kwa bei moja: itumie kwa nyama na vyakula vya baharini, na vitamutamu vya bei ndogo ulipe kwa fedha zako. Uwanda wake wa Serengeti una hekta 26, na kwa malipo ya ziada unapanda lori la kulisha twiga. Chukua safari ya kwanza ya siku, twiga wakiwa bado na hamu. Shika jani kwenye shina, mkono umenyooka, na usilivute. Ulimi wake wa karibu nusu mita utalizungushia na kulichukua wenyewe.