Somo: Kulinda nyumba ya magogo dhidi ya mchwa na kuoza

Tangu mvua za Desemba zianze nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika mara moja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Nazungumzia nyumba na mabanda ya magogo ya mikaratusi, ambayo huku Dodoma yamekuwa mengi.

Hatua ya kwanza. Chuna magome yote, kwa kuwa wadudu hujificha chini yake.

Hatua ya pili. Kausha magogo kivulini, yakiwa yamelazwa juu ya mawe, na upake rangi kwenye ncha ili zisipasuke.

Hatua ya tatu: mguu wa nguzo. Hapa niliharibu, na hasara yake naikumbuka. Nilichimbia nguzo za baraza na kuzimwagia zege pande zote, nikiamini kwamba mchwa hawataweza kupenya. Kiangazi kilipofika mti ulisinyaa, ukaachana na zege kwa upana wa ukucha, na mvua zilizofuata zikajaza ule mwanya kama maji katika kikombe. Mti ulioza usawa wa ardhi, huku mchwa wakipanda kwa siri ndani ya ufa, hadi nguzo moja ikakatika nilipoiegemea. Siku hizi najenga kitako cha zege chenye urefu wa sentimita 30 juu ya ardhi, sehemu yake ya juu ikiwa na mteremko, kisha nafunga nguzo kwenye chuma kinachoiacha ikining'inia sentimita mbili au tatu juu ya zege. Kitako hakimzuii mchwa. Kinamlazimisha kujenga njia yake ya udongo hadharani, mahali utakapoiona na kuibomoa. Usizibe nafasi hiyo kwa saruji eti ipendeze, na usirundike mchanga wala kuni hapo, maana utakuwa umemjengea mchwa daraja.

Hatua ya nne. Paka dawa ya chumvi za boroni kwenye mti mkavu usio na rangi. Dawa hii huoshwa na maji, kwa hiyo ikikauka ifunike kwa vanishi au rangi ya nje, na usiitegemee kwa mti unaogusa udongo.

Hatua ya tano. Paa lipite ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, kwa sababu kuvu hawastawi katika mti ulio mkavu.

Hatua ya sita. Kagua kabla ya masika na baada yake, ukichokoa miguu ya nguzo kwa bisibisi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikichimbia nguzo na kuizungushia zege nene, si inatosha?*
Ndugu, soma hatua ya tatu.

*Mafundi wote huku Kongwa wanapaka oili chafu. Wewe unajifanya unajua kuliko wao?*
Sijasema hivyo. Oili chafu hubaki juu juu bila kuingia ndani ya mti, huchafua udongo, na huchochea moto ukitokea. Ukiridhika nayo, nyumba ni yako.

*Shikamoo mzee. Chini ya boriti zangu naona unga laini kama poda, lakini sioni udongo wowote. Je, ni mchwa?*
Marahaba mwanangu, umeangalia vizuri. Unga laini pamoja na vitundu vidogo vya duara ni dalili ya bungua. Ukiona punje ngumu ndogo kama mchanga, basi ni mchwa wa mti mkavu, ambao huishi ndani ya mti wenyewe na hawahitaji kugusa ardhi. Njia za udongo ni za mchwa wa ardhini. Zungushia vitundu ulivyonavyo kwa penseli na ufagie unga wote. Baada ya miezi michache, vitundu vipya nje ya alama au unga mpya vitakuonyesha kwamba wadudu bado wako hai. Unga wa zamani huweza kudondoka kwa kutikisika tu, hivyo usikimbilie kununua dawa.

*Nimebakiwa na vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa. Naweza kupikia?*
Hapana kabisa. Nguzo nyingi za rangi ya kijani zina aseniki, nayo hubaki katika moshi na majivu. Hata majivu yake usiyamwage bustanini.

*Mzee, mbona nguzo za tembe la babu zilichimbiwa ardhini na zikadumu?*
Swali zuri. Wazee walichagua miti migumu na kutegemea kiini chake, ilhali mkaratusi mchanga tunaonunua leo una sehemu kubwa ya mti mweupe wa nje, ambao mchwa huupenda. Pia moshi wa jiko ulikausha tembe kila siku. Kama bado lipo, kata kipande cha nguzo iliyoanguka ukitazame: mara nyingi utakuta ule weupe umeliwa wote na kiini kimebaki.