Jinsi ya kupunguza matumizi ya bando: hatua nilizozifuata mpaka GB 5 zikatosha wiki nzima

Mama mdogo alinifuata dukani, hapa Moshi, Jumamosi moja mchana, akiwa na malalamiko ambayo sisi mafundi wa simu tunayasikia karibu kila siku. Alikuwa amejiunga bando la wiki la GB 5 Ijumaa asubuhi, na sasa ameletewa ujumbe kwamba limekwisha. Yeye ni fundi cherehani wa Majengo. Hatazami filamu, hachezi michezo ya simu, na kazi yake kubwa mtandaoni ni kupokea picha za mishono kutoka kwa wateja na kufuatilia kundi la michango ya harusi. "Mwanangu, hawa watu wa mtandao wananiibia MB zangu," aliniambia mara tu alipoitikia shikamoo yangu. Nilimwomba aniachie simu mpaka jioni. Jibu lenyewe nililipata Jumatano iliyofuata, na hatua ninazozieleza hapa ni zile nilizopitia kati ya siku hizo, zikiwa zimepangwa upya ili wewe usipoteze muda nilioupoteza mimi. Ni za simu za Android. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya aina moja ya simu na nyingine.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kuzima chochote

Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao, kisha matumizi ya data. Kama simu ina laini mbili, hakikisha unatazama laini ile unayoiwekea bando, kwa sababu kila laini huhesabiwa peke yake. Badilisha tarehe ya kuanza kuhesabu iwe siku uliyojiunga, ili matumizi ya wiki iliyopita yasichanganyike na ya wiki hii.

Andika kwenye karatasi jumla inayoonekana juu, kisha programu tano za kwanza na kiasi kilicholiwa na kila moja. Halafu fanya jambo ambalo mimi sikulifanya Jumamosi ile: jumlisha matumizi ya programu zote, ulinganishe na ile jumla ya juu. Zikikaribiana, endelea na hatua ya pili. Zikipishana sana, nenda moja kwa moja kwenye hatua ya tano, kwa sababu kinacholimaliza bando lako si programu yoyote iliyomo ndani ya simu hiyo.

Ukiwa hapo hapo, weka onyo na kikomo cha data. Kikomo kiwe chini kidogo ya ukubwa wa bando, kwani hesabu ya simu na hesabu ya kampuni hazilingani sawasawa.

Hatua ya pili: WhatsApp

Katika mipangilio ya WhatsApp iko sehemu ya hifadhi na data. Humo utakuta orodha tatu za kupakua vitu vyenyewe bila kuulizwa: unapotumia data ya simu, unapokuwa kwenye Wi-Fi, na unapokuwa nje ya nchi. Ondoa alama zote kwenye orodha ya kwanza: picha, sauti, video na nyaraka. Kuanzia hapo kila picha itakuja ikiwa na ukungu, nawe utaigusa ile unayoitaka tu. Mama mdogo alihofia kwamba angepitwa na picha za wateja, lakini ndani ya siku moja alikuwa amezoea kugusa picha za mishono na kuziacha zile video za salamu za asubuhi ambazo kila kundi huzirushiana. Ujumbe wa sauti hauzuiliki kwa njia hii. Wenyewe hushuka daima, ila ni mwepesi na hauna madhara makubwa.

Washa pia kitufe cha kutumia data kidogo wakati wa kupiga simu. Kisha fungua sehemu ya gumzo, uangalie nakala rudufu: (akiba ya mazungumzo yako inayopandishwa mtandaoni) hakikisha haipakiwi kwa data ya simu, na uondoe video ndani yake. Nimekuta simu nyingi zinazopakia nakala kila usiku, video za harusi na misiba zikiwamo, wakati mwenye simu amelala akiamini data yake imepumzika. Programu ya Picha kwenye Google nayo ikaguliwe vivyo hivyo.

Hatua ya tatu: duka la programu na video

Kwenye duka la Google Play, weka masasisho yafanyike kupitia Wi-Fi tu. Sishauri kuyazima kabisa, hasa kwa programu za benki na za pesa za simu, kwa sababu masasisho hayo huziba mianya ya usalama. Zisasishe hizo kwa mkono, moja moja.

Kwa upande wa video, ubora wa picha ndio unaoamua kila kitu. Kwa makadirio ninayoyatumia dukani, saa moja ya YouTube kwa ubora wa 144p haifiki MB 100, kwa 360p hula karibu MB 300, na kwa 720p huvuka GB 1. Maana yake ni kwamba mtu anayesikiliza mahubiri huku akikata nguo, bila hata kutazama kioo, anaweza kulipa mara kumi zaidi kwa picha asiyoiona. Usiiachie programu ikuchagulie ubora; chagua mwenyewe kiwango cha chini katika mipangilio, sehemu ya data ya simu. Katika Facebook na Instagram, zima video zinazojicheza zenyewe. TikTok huandaa video zinazofuata kabla hujazifikia, na kwa sababu hiyo, hata ikiwa na kiokoa data chake, mimi huwashauri wateja wenye bando dogo waiondoe, wairudishe siku wanapopata Wi-Fi.

Kwa kusoma kurasa za intaneti ninapendelea Opera Mini kuliko kivinjari kingine chochote. Huzibana kurasa kwenye seva zake kabla ya kukuletea, na tofauti yake unaiona siku hiyo hiyo kwenye karatasi yako. Chrome ilikuwa na huduma ya namna hiyo, lakini Google iliiondoa mwaka 2022. Hata hivyo, mambo ya benki yafanyie kwenye kivinjari cha kawaida, si katika hali hiyo ya kubana. Na tafadhali usiweke zile programu zinazoahidi intaneti ya bure au kukuongezea MB. Simu nyingi zinazoletwa dukani zikiwa zimejaa matangazo huwa nazo.

Hatua ya nne: Kiokoa Data

Kitufe hiki kimo ndani ya Android tangu toleo la 7, la mwaka 2016, na kazi yake ni kuzizuia programu zisitumie data chinichini wakati huzitumii. Kiwashe, kisha uruhusu programu mbili au tatu unazohitaji zikufikie saa yoyote. Kwa mama mdogo niliruhusu WhatsApp peke yake. Jambo la kukumbuka ni kwamba katika simu nyingi za Android, Kiokoa Data kikiwa kimewashwa, hotspoti (yaani kugawa intaneti ya simu yako kwa vifaa vingine) haifunguki mpaka ukizime kwanza.

Jumamosi ile jioni nilimrudishia simu ikiwa imepitia haya yote, akajiunga bando jingine la GB 5, nami nikaamini kazi imekwisha. Jumatano asubuhi alirudi. Bando lilikuwa limekatika tena usiku wa Jumanne.

Hatua ya tano: hotspoti, na kompyuta iliyo upande wa pili

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole.

Nilipoifungua simu yake Jumatano, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba Kiokoa Data kilikuwa kimezimwa, na yeye alikuwa na hakika hakukigusa. Cha pili, jumla ya juu ilisema zimetumika GB 5, lakini programu zote nilipozijumlisha kwa kalamu hazikufika hata GB 1. Zaidi ya GB 4 hazikuwa na mwenyewe. Programu ya kusimamia data iliyowekwa na mtengenezaji wa simu ile huorodhesha programu tu. Ilinibidi niingie kwenye mipangilio ya hotspoti yenyewe ndipo nikazikuta zile GB zilizokosa mwenyewe. Nikamuuliza nani hutumia hotspoti nyumbani. "Ni mdogo wako tu, anaandika kazi zake za chuo jioni," alijibu, "na hiyo ni kuandika, si kutazama video." Alikuwa anasema kweli, na binti alikuwa anasema kweli pia.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Kompyuta mpakato inapoungwa kwenye hotspoti ya simu, yenyewe huona Wi-Fi. Haijui kwamba nyuma ya Wi-Fi hiyo kuna bando la kununuliwa. Kwa hiyo kila kazi iliyokuwa ikisubiri Wi-Fi huanza mara moja: masasisho ya Windows, ambayo toleo kubwa moja linaweza kuzidi GB 3, masasisho ya programu za ofisi, na mafaili yanayopandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Binti aliandika kurasa mbili, na kompyuta ikapakua sasisho zima kimyakimya. Na ili hotspoti ifunguke, binti alilazimika kukizima Kiokoa Data, na hakukumbuka kukirudisha.

Tiba yake iko kwenye kompyuta. Kompyuta ikiwa imeungwa kwenye hotspoti, fungua mipangilio ya mtandao, ingia kwenye Wi-Fi, bofya jina la mtandao huo, kisha washa kitufe chenye maneno Metered connection. Kuanzia hapo Windows itajua kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Zingatia haya yafuatayo, kwa sababu kila moja limewahi kunirudishia mteja.

Kitufe hicho hushikamana na jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotspoti, au ukitumia simu ya mtu mwingine, kompyuta itauona kama mtandao mpya na itaanza kupakua upya. Kwa hiyo chagua jina moja ulibakize.

Kitufe hakizuii kila kitu. Baadhi ya masasisho muhimu hupita tu, na kivinjari kikifunguliwa video itacheza kama kawaida. Katika sehemu ya masasisho ya Windows, angalia pia kwamba hujaruhusu kupakua kwenye mitandao ya kulipia, na kama una wiki ya mitihani, sitisha masasisho kwa muda. Lakini usiyasitishe daima. Siku moja kwa mwezi peleka kompyuta mahali penye Wi-Fi isiyo na kipimo, chuoni au kwa ndugu aliye nayo, uyamalize yote.

Simu ikiungwa kwenye hotspoti ya simu nyingine, hali hutofautiana. Android kwa Android mara nyingi hutambuana, na ile inayopokea hujua kwamba mtandao unalipiwa. Lakini vile vifaa vidogo vya Wi-Fi vinavyotumia laini ya simu huonekana kama Wi-Fi ya kawaida. Bonyeza jina la mtandao kwenye simu yako, tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao, uchague kwamba unapima data. Hata hivyo, ile orodha ya pili ya WhatsApp, ya Wi-Fi, usiitegemee. Iondolee alama nayo, kama ulivyofanya kwenye ya kwanza.

Mwisho, badilisha nywila ya hotspoti. Simu yoyote iliyowahi kupewa nywila hujiunga yenyewe kila inapokuwa karibu, na kwa mama mdogo tulikuta simu ya fundi mwenzake imeunganishwa bila hata yeye mwenyewe kujua. Washa pia kipengele cha hotspoti kujizima pasipokuwa na kifaa kilichoungwa. Kama simu yako inaruhusu kuiwekea hotspoti kikomo cha data, weka: MB 300 kwa jioni moja zinatosha kwa mwanafunzi anayeandika na kutafuta makala.

Hatua ya sita: kununua bando

Sasa tumia simu wiki moja, kisha soma karatasi yako ndipo uchague bando. Hela usiiache kama salio kwenye laini. Ibaki kwenye akaunti yako ya pesa za simu, ununue bando moja kwa moja kutoka huko, kwani salio lililoachwa linaweza kuliwa bando likikatika data ikiwa imewashwa. Bando la usiku linafaa kwa jambo moja tu, nalo ni masasisho uliyoyaahirisha. Linunue mara moja kwa mwezi, uweke simu kwenye chaji, na uzime data kabla ya muda wake kuisha.

Mama mdogo alibaki na bando lake lile lile la GB 5. Ijumaa mbili baada ya kubadilisha kile kitufe cha kompyuta alinitumia picha ya kioo cha simu yake, siku ya saba ya bando, ikionyesha GB 1 na ushei iliyobaki. Nikamjibu aangalie kama Kiokoa Data bado kimewashwa.