Kumchora mjusi wa Tendaguru mchangani na watoto: kanga tisa kasoro shibiri

Watoto wengi wa Lindi wamesikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa huku kwetu. Waulize alikuwa mkubwa kiasi gani, watanyoosha mikono na kusimama kwa vidole, basi. Ndiyo maana napenda mchezo huu kuliko yote ninayocheza na wanangu wawili, wa miaka mitano na minane. Haugharimu kitu, asubuhi nzima inaisha watoto wakiwa na kazi, na kimo cha mjusi wanakipima kwa miguu yao. Picha ya kitabuni haiwapi hilo.

Andaa kamba ndefu ya katani, kanga moja, fito mbili, vifuu vya nazi, mabua ya mahindi, ndoo ya udongo mwekundu na maji ya kunywa ya kutosha.

Hatua ya 1: Pimeni kamba nyumbani
Mifupa ya mjusi wetu iliyosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin ina kimo cha mita 13.27. Kanga nyingi zina urefu wa mita 1.5 hivi. Tandika kanga sakafuni, lazeni kamba ubavuni mwake, fungeni fundo, sogezeni, mpaka zitimie kanga tisa. Kisha punguza shibiri moja ya mtu mzima. Mkubwa ahesabu mafundo, mdogo akanyage ncha ya kamba isisogee. Akikosea hesabu muache aanze tena, usimtajie jibu.

Hatua ya 2: Nendeni ufukweni, subirini maji ya bahari yatoke
Mchanga mzuri ni ule ulioachwa na maji punde, bado una unyevu na haujakauka ukawa unga.

Hatua ya 3: Choreni
Chomeka fito moja mahali pa unyayo, vuteni kamba mpaka iishe, chomeka ya pili mahali pa utosi. Kwanza watoto watembee kutoka fito hadi fito wakihesabu hatua zao. Wangu hapa hukimbia kwenda na kurudi kabla hatujachora hata mstari mmoja, nami nawaacha.

Anzeni na miguu ya mbele. Ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo unateremka kuelekea mkiani, na shingo inapanda kama ya twiga. Mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele, ule unaoanzia begani, unazidi mita 2. Uchoreni peke yake pembeni, kisha kila mtoto alale kando yake. Baba akiwepo naye alale, watoto waone kama anaufikia.

Jicho liwe kifuu. Ngozi waivishe mwani, makombe au chochote wanachookota. Rangi yake hakuna aijuaye, kwa hiyo mtoto akitaka mjusi wa kijani mwenye madoa, ni haki yake. Mama usishike fito ya kurekebisha. Mkia ukipinda, umepinda.

Hatua ya 4: Chimbeni mifupa
Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na inafanyika hata uani. Kata mabua vipande vya urefu tofauti, yafukie mchangani watoto wakiwa wamegeuka, kisha wape vifuu wachimbe taratibu. Wakipata “mfupa” wasiuvute. Waufukue pande zote, waupake udongo mwekundu, wauache kivulini ukauke, ndipo waubebe kichwani hadi “bandarini”.

Wakati udongo unakauka wasimulie. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi hii, walichimba kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Waliochimba hasa ni mamia ya watu wetu, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mtajeni kwa jina lake, watoto walijue. Mifupa mingine ilifungwa kwa mianzi na udongo isivunjike, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Jumla ilipita tani 200. Mtoto aliyebeba bua lake hatua ishirini bila kulivunja anaelewa kazi ile ilikuwa nini.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Mimi nipo Nachingwea, bahari sina. Nifanyeje?*
Marahaba mdogo wangu. Tumia kiwanja cha mpira au uwanja wowote uliofagiliwa, na mistari uichore kwa majivu. Kamba ni ileile. Kwenu hata ni bora, mchoro unaweza kukaa siku kadhaa na majirani wakaja kuutazama.

*Wa kwangu ana miaka miwili, kila kitu mdomoni.*
Mpe kazi ya nyayo. Akanyage mchanga wenye unyevu ndani ya mwili wa mjusi, hiyo ndiyo ngozi. Vipande vidogo vya makombe viwe mbali naye.

*Naweza kupambia maganda ya korosho? Huku Newala yamejaa.*
Hapana mama, tafadhali. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na mtoto hujifuta macho kwa mkono uleule. Majani makavu ya mkorosho hayana shida hiyo.

*Mwanangu ameanza kuogopa kulala, anasema mjusi atakuja.*
Mwambie huyu alikula majani tu, na aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kisha mpe yeye kazi ya kumlisha: akusanye majani, ayapange mbele ya mdomo wa mjusi. Kwa mpwa wangu ilitosha.

*Wangu ameniuliza kwa nini mjusi yuko Ulaya na atarudi lini. Nilikosa jibu.*
Mwambie ukweli kwa maneno mepesi: alichukuliwa wakati nchi ikitawaliwa na wageni, na suala la kumrudisha limezungumzwa bungeni zaidi ya mara moja. Halafu muulize yeye angemweka wapi. Wa kwangu wa miaka minane alichora nyumba ya mjusi yenye mlango mrefu kuliko mnazi, na dirisha la kutolea kichwa.

*Maji hutoka saa ngapi? Nikifika naona yamejaa.*
Fuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hutoka mbali, na kupwa kwa mchana huwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa karibu dakika 50. Fikeni dakika 90 kabla ya kupwa. Maji yakianza kurudi, fito na watoto juu, msingoje kumalizia mkia.