Kabla hujaketi mezani Oaxaca

Mji mkongwe wa Oaxaca de Juárez, kusini mwa Meksiko, umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1987, pamoja na magofu ya Monte Albán yaliyo kilimani karibu yake. Nyumba zake ni fupi, kuta nene, nyingi za jiwe lenye rangi ya kijani, na ukivuka mlango unatokea kwenye ua ulio wazi katikati. Aliyekulia Lamu au Unguja Mjini hatapotea humo. Migahawa ya hadhi ya mji huu imo ndani ya nyua hizo, na michache imepanda juu ya paa ikitazamana na kanisa la Santo Domingo.

Kabla hujafikiria hata fedha, ujue umefuata nini. Oaxaca unafuata mchuzi. Wenyewe huuita mole, kutokana na neno la Kinahuatl, molli, na huhesabu aina saba: negro, rojo, coloradito, amarillo, verde, chichilo na manchamanteles. Ule mweusi, negro, ndio wenye kazi kubwa. Pilipili kavu hukaangwa mpaka ziwe nyeusi, mbegu zake zikaunguzwa peke yake huku waliomo jikoni wakikohoa kwa moshi, kisha vyote vikasagwa na ufuta, lozi, karanga, zabibu kavu, viungo na chokoleti. Unaletewa sahani ambayo kipande cha kuku au bata mzinga hakionekani vizuri, kimefunikwa na kitu kizito, cheusi, kinachong'aa. Utamu unatangulia, moshi unafuata, uchungu mdogo unabaki kooni. Tafadhali usiukwangue mchuzi pembeni ili ule nyama. Kata tortilla, ile chapati nyembamba ya mahindi, chovya.

Ndiyo maana nashauri siku moja kabla ya kuketi kwenye mgahawa wa hadhi uende soko la 20 de Noviembre, ule mole kwa mama ntilie wa huko, na upite kwenye ule ujia uliojaa moshi wanakochoma nyama mbele yako. Mei 2024, Michelin, kampuni ya Kifaransa inayoitunuku migahawa bora nyota, ilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa Meksiko, migahawa miwili ya mji huu ilipata nyota moja moja: Los Danzantes na Levadura de Olla. Mpishi wa huo wa pili, Thalía Barrios García, ametoka kijiji cha San Mateo Yucutindoo, na mapishi yake yanaanzia huko. Ambaye hajaonja sokoni atadhani kila kitu ni ubunifu wa mpishi, kumbe anakula chakula cha mabibi kilichopewa heshima yake.

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, maandalizi makubwa yako hapa. Neno la kukariri ni manteca, mafuta ya nguruwe. Maharage ya kuponda mara nyingi hukaangwa kwayo, tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, huchanganywa nayo, tlayuda, tortilla kubwa kavu, hupakwa masalia yake yanayoitwa asiento, na mole nyingi huanza nayo sufuriani. Kwa hiyo kutoona nyama kwenye sahani si kinga. Uliza: «¿Lleva manteca de cerdo?» Mhudumu hatachukia. Ila uliza siku ya kuweka nafasi, si baada ya kuketi, kwa sababu mchuzi uliopikwa tangu jana hauondolewi kitu. Wenye mzio wa karanga, lozi au ufuta wafanye vivyo hivyo, tena kwa maandishi. Usiyekunywa pombe, sema mapema kwamba hutaki ule mpangilio wa mezcal, pombe kali ya huko, unaoambatana na kila sahani. Omba maji ya matunda, au tejate, kinywaji baridi cha mahindi na kakao chenye povu juu.

Panzi wataletwa pia, chapulines, wamekaangwa kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Aliyezoea senene za Bukoba ataongeza kibakuli.

Na tortilla usiidharau. Katika pango la Guilá Naquitz, kwenye bonde la Oaxaca, yamepatikana magunzi ya mahindi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Mahindi tunayosongea ugali asili yake ni nchi hii. Wao huyachemsha na chokaa kabla ya kusaga, ndiyo sababu harufu yake itakuwa ngeni puani mwako ingawa nafaka ni ile ile. Mimi kila niishikapo ikiwa moto huinusa kwanza.

Kuweka nafasi: wakati wa Guelaguetza, tamasha kubwa la ngoma za mkoa huo, mwezi Julai, na siku za kuelekea Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2, fanya wiki kadhaa kabla. Nyakati nyingine siku chache hutosha. Chakula kikuu cha watu wa huko ni cha saa nane hadi saa kumi alasiri, na mimi napendelea saa hizo kuliko usiku: ua una mwanga na hakuna haraka. Menyu ya sahani nyingi hula muda wa saa mbili au tatu, basi usipange kitu kingine nyuma yake. Beba sweta, mji uko mita 1,550 hivi juu ya bahari, na vaa viatu vinavyoweza mawe ya barabarani.

Bei ya menyu kwa kawaida imeshajumuisha kodi ya asilimia 16. Bakshishi ni juu yako, asilimia 10 hadi 15. Mashine ya kadi ikikuuliza dola au peso, chagua peso. Bili haitakuja yenyewe, hata sahani zikiwa zimeondolewa zamani, kwa kuwa kumletea mgeni bili ambayo hajaiomba ni kama kumfukuza. Endelea kuzungumza na wenzako. Ukitaka kuondoka, sema «la cuenta, por favor».