Somo: Kuzima chokaa mpaka irudi kuwa jiwe

Assalaam alaykum wanachama. Leo ni zamu ya haidroksaidi ya kalsiamu, Ca(OH)₂, yaani chokaa iliyozimwa kwa maji. Jina refu, lakini kitu chenyewe mnakiegemea kila siku: kuta za mji wetu wa Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na kupigwa lipu ya chokaa.

Tuanzie kwenye tanuu. Jiwe la matumbawe karibu lote ni kaboneti ya kalsiamu, CaCO₃. Likipata moto wa nyuzi 900 hivi za Selsiasi, linaachia kabonidaioksaidi na kubaki CaO, yaani chokaa hai. Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56. Zile 44 zimepanda hewani, ndiyo maana jiwe lililoiva ni jepesi mkononi kuliko linavyoonekana. Lakini nawaomba, mtu asiende kuvunja matumbawe hai kwa ajili ya somo hili. Samaki wetu wanazaliana humo. Nunueni chokaa iliyochomwa kwa mawe ya nchi kavu.

Hatua ya 1. Vaa miwani inayofunga macho pande zote, glavu za mpira na nguo ya mikono mirefu. Maji yaliyoshiba chokaa yana pH ya 12.4 hivi, na jicho halihimili hilo. Ikiingia, osha kwa maji safi yanayotiririka angalau dakika 20, kope zikiwa wazi, kisha hospitali. Usitie limau wala maziwa.

Hatua ya 2. Maji yatangulie pipani, chokaa ifuate kidogo kidogo. Kamwe usigeuze. Pipa liwe la chuma, maji yawe kama mara tatu ya ujazo wa chokaa.

Sasa tazama donge moja. Mwanzo limetulia, linanyonya maji na kutoa viputo. Halafu linapasuka, linafura, linavunjika kuwa unga, na maji yanatokota bila kuni chini yake:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Kilo 56 hunywa kilo 18 za maji na kuwa kilo 74. Maji mengine yote ni ya kupoza na kufanya uji. Joto hilo si la mchezo. Jahazi lililopakia chokaa hai likivuja, maji yenyewe ndiyo yanayoweza kuwasha magunia.

Hatua ya 3. Chuja uji, uhifadhi huku maji yakisimama juu yake vidole vinne. Wiki kadhaa ni kiasi cha chini, miezi ni bora. Punje ambayo haikuzimika itakuja kufura ukutani na kuichomoa lipu. Juu ya maji mtaona utando mwembamba, ukiugusa kwa ncha ya kidole unavunjika vipandevipande kama kioo. Hewa ishaanza kulirudisha jiwe.

Hatua ya 4. Changanya sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga uliooshwa mpaka chumvi ikatoka. Lowesha ukuta, piga tabaka jembamba, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa.

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Wengi hudhani lipu ya chokaa hushika kwa kukauka. Sivyo. Inashika kwa kunywa kabonidaioksaidi, na hewa hiyo lazima kwanza iyeyuke katika unyevu ulio ndani ya lipu. Ukikauka mapema, kazi inasimama. Niliwahi kupiga chumba kimoja wakati wa kaskazi, upepo na jua vikipita dirishani, nami sikutandika magunia. Baada ya wiki mbili kila aliyeegemea aliondoka na bega jeupe. Tulikwangua kuta zote nne. Iliniuma, kwa sababu chokaa ile ilikuwa imelala miezi sita.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Malindi: Shikamoo mwalimu. Nataka maji ya chokaa ya kupimia kabonidaioksaidi, ila unga hauyeyuki wote. Nichemshe?

Marahaba mwanangu. Usichemshe. Chumvi na sukari huyeyuka zaidi kwenye moto, chokaa ni kinyume, maji yakipata moto huyeyuka kwa uchache kuliko yakiwa baridi. Lita moja ya maji ya kawaida hubeba gramu 1.7 hivi tu. Tikisa, acha itue usiku mzima, kimiminika kile cha juu kilicho angavu kama maji ya mvua ndicho chako. Pulizia kwa mrija, usivute: kitageuka kama maziwa. Ukiendelea kupuliza kitarudi kuwa angavu, maana kaboneti imegeuka bikaboneti inayoyeyuka.

Fundi, Shela: Wateja wanataka saruji juu ya kuta za kale, wanasema ni imara. Nifanyeje?

Wakatalie, fundi. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linapumua unyevu na chumvi. Chokaa huupitisha unyevu ule nje. Saruji huufungia ndani, chumvi ikakusanyika nyuma yake na kulila jiwe. Kitakachoanguka ni ukuta wenyewe, na saruji ikiwa bado inang'aa.

Mama, Mkomani: Na hii chokaa ya tambuu?

Ni hiyo hiyo, mama. Ukali wake ndio unaogeuza maji ya popoo kuwa mekundu mdomoni, na huunguza ufizi taratibu. Popoo lenyewe limethibitishwa kusababisha saratani ya mdomo, liwe na chokaa au lisiwe nayo. Kama una kidonda mdomoni kisichopona wiki mbili au tatu, tafadhali nenda kamwone daktari.