Kuogelea Ziwa Superior: uliza upepo kabla ya kuuliza jua

Juzi mpwa wangu, aliyehamia Minnesota, Marekani, kutoka Tanga mwaka huu, alinipigia simu akiwa ufukweni Duluth, mji ulio kando ya Ziwa Superior. "Shikamoo mjomba. Jua kali, ziwa limetulia kama maji ya mtungini. Naingia." Nikamwambia angoje, kwanza anitajie upepo unatoka wapi. Akacheka. Niliyomweleza ndiyo haya, kwa wengine mliokulia kwenye maji ya vuguvugu na sasa mnaishi karibu na ziwa hili.

Hatua ya 1: Sahau Victoria

Kwa eneo Superior limelipita Victoria: kilomita za mraba 82,000 na ushei, dhidi ya 68,000 hivi. Ila tofauti yenyewe iko chini. Victoria halifiki kina cha mita 100, Superior lina mita 406. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo maji ya nyuzi 4 au karibu na hapo ndiyo yanayokaa vilindini, Januari au Agosti. Joto la kiangazi ni utando tu unaoelea juu, kama mafuta juu ya mchuzi. Unachoogelea ni huo utando. Swali la kila siku ni moja: leo utando umekwenda wapi?

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Mwisho wa Julai hadi katikati ya Septemba. Mei na Juni usijaribu hata kama watu wamevaa kaptula. Mwaka 2014 vipande vya barafu vilikuwa bado vinaelea mwanzoni mwa Juni.

Hatua ya 3: Soma upepo wa siku tatu

Hapa ndipo nilipopoteza kiangazi kizima, kwa hiyo mnivumilie.

Fungua tovuti ya National Data Buoy Center, kituo cha Marekani chenye maboya ya kupima hali ya hewa na maji. Ni bure. Tafuta boya namba 45006, lililo upande wa magharibi wa ziwa. WDIR ni mwelekeo wa upepo, WTMP ni joto la maji kwa Farenhaiti (toa 32, gawa kwa 1.8). Sasa, ukiona NE, maana yake upepo *unatoka* kaskazini mashariki. Mimi nilisoma kinyume, nikidhani unaelekea huko, na kila siku niliyoipanga ikawa ya baridi. Mtu wa pwani hana udhuru hapa: kaskazi latoka kaskazini, kusi latoka kusini. Ni desturi ileile.

Duluth iko kwenye pembe ya mwisho ya magharibi, ziwa linapobanana kama faneli. Upepo wa kaskazini mashariki huusukuma utando wote wa joto hadi kwenye pembe hiyo na kuurundika kwenye mchanga wa Park Point, ufukwe wa Duluth. Maji huwa matamu kuogelea. Lakini upepo huohuo umesafiri mamia ya kilomita juu ya maji na umekuja na mawimbi, na mawimbi huleta mikondo inayomvuta mtu kutoka ufukweni. Park Point kuna bendera. Nyekundu maana yake ukae mchangani, si uingie hadi magotini. Ukishikwa na mkondo usishindane nao: lala chali, elea, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie.

Upepo wa magharibi au kusini magharibi hufanya kinyume chake. Unatoka nchi kavu kama umande, ule upepo wa asubuhi kule kwetu, unauchukua utando na kuupeleka mbali, na maji ya chini yanapanda kujaza nafasi. Hili ndilo linalodanganya watu, kwa sababu karibu na ufukwe ziwa huonekana limelala kabisa. Julai moja nilijitosa hewa ikiwa nyuzi 31. Maji yalikuwa 9. Nilipiga mikono mara nne hivi, pumzi ikakatika, nikatoka kwa kutambaa mbele ya watoto wa watu. Upepo huo pia huondoka na maboya ya kupuliza, na mtoto juu yake.

Ukipanda pwani ya kaskazini kuelekea Two Harbors, upepo hauhitaji hata kutoka nchi kavu moja kwa moja. Mzunguko wa dunia hupindisha maji ya juu kuelekea kulia kwa upepo (kusini mwa ikweta ni kushoto), kwa hiyo kusini magharibi inayovuma sambamba na pwani nayo inaubeba utando.

Siku ya kuiwinda, basi, ni ile ambayo kaskazini mashariki imevuma siku mbili kisha ikazima usiku. Mawimbi yamekufa, joto bado lipo. Ndiyo maana nasema siku tatu, si ya leo peke yake.

Tahadhari mbili. Boya liko mbali sana na ufukwe. Mimi nalitumia kwa upepo, si kwa joto. Na majira ya baridi huondolewa majini, hivyo mwanzo wa msimu unaweza kukuta ukurasa mtupu.

Hatua ya 4: Pima mwenyewe

Kipimajoto cha tangi la samaki, kamba, jiwe dogo. Basi. Saa za mkononi sizitaki: zinapima ngozi yako pamoja na maji. Programu za simu zinazotaja "joto la ziwa" ndiyo kabisa. Shusha kipimajoto hadi usawa wa kiuno, hesabu dakika mbili.

Chini ya nyuzi 15 mimi siingii bila suti ya mpira. Mashindano ya kimataifa ya maji ya wazi yenyewe hayaruhusiwi chini ya 16.

Hatua ya 5: Ingia

Polepole, ukiwa na mwenzako. Kwa maji ya baridi kali kuna kanuni ya 1-10-1, inayohusishwa na Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu kukutii, saa 1 kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Watu wengi wanaiogopa ile saa. Mimi naogopa dakika ya kwanza, kwani ndipo mtu anapovuta maji badala ya hewa.

Hatua ya 6: Toka

Toka ungali unajisikia vizuri, maana mwili huendelea kupoa hata baada ya kutoka. Vua nguo mbichi, vaa kofia, kunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Usikimbilie bafu la moto, na usiendeshe gari mpaka kutetemeka kuishe.

Mpwa alipima: 11, upepo wa magharibi. Akala sambusa zake mchangani, akarudi Alhamisi.