Jinsi ya kupima kama kauli ya kosaini ni kweli au uongo

Umepewa kauli ya kosaini, tuseme cos 2x = cos²x kwa kila x, unaulizwa kweli au uongo. Usikimbilie mafomula, we chomeka namba kwanza, ila uzichague kwa akili manake hapa ndo wengi wanaingizwa mjini. Weka x = 0, kushoto 1, kulia 1. Weka digrii 180, kushoto cos 360 ambayo ni 1, kulia (−1)² nayo ni 1, mtu anasema aah hii kweli, anatiki, anasonga mbele. Haya jaribu 60: kushoto cos 120 ni −0.5, kulia 0.5 mara 0.5 ni 0.25. Kwisha habari yake! Ikikataa moja tu kauli nzima ni uongo, hata kama zilizokubali ni elfu. (Ingesema "kuna x" badala ya "kwa kila x" hiyo 0 peke yake ingetosha kuifanya kweli, kwa hiyo soma swali vizuri.)

Ndo maana 0, 90 na 180 mi siziamini, hapo cos inatoa 1, 0 au −1 tu na makosa yanajificha humo humo. Mfano cos(−x) = −cos x inapita kwenye 90, sifuri kwa sifuri, ukiweka 60 inakuwa 0.5 na −0.5. Anza na 60, kisha moja iliyovuka 90, kisha yoyote ya ovyo ovyo kama 37.

Kalkuleta nayo icheki, ukiandika cos 60 ikakupa −0.952 iko kwenye radiani hiyo, yaani inapima pembe kwa kipimo kingine, siyo digrii.

Saa nyingine hata kalkuleta ya nini. Eti cos(A+B) = cos A + cos B, weka zote 0, kulia unapata 2, sasa cos imefika 2 lini wakati mwisho wake ni 1?

Na zikikubali zote bado hujathibitisha kitu, umepata tu sababu ya kuanza. Chukua cos 2x = 2cos²x − 1. Tumia cos(A+B) = cos A cos B − sin A sin B, A na B zote ziwe x, inatoka cos²x − sin²x, halafu pale kwenye sin²x weka 1 − cos²x (manake sin²x + cos²x = 1), umefika. Anzia upande mmoja utembee mpaka wa pili, usianze kuhamisha vitu kuvuka alama ya sawasawa utadhani ushajua ni kweli.